Anachoka baada ya mistari miwili: nianze na vidole au na dawati?

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni msaidizi wa tiba kwa vitendo, yaani kuwawezesha watoto kumudu shughuli zao za kila siku kama kuandika, katika shule ya msingi wilayani Kongwa yenye kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Mtaalamu anayenisimamia huja mara moja kwa mwezi kutoka Dodoma mjini. Nina mtoto wa darasa la pili, misuli yake ni milegevu. Akinakili mistari miwili ubaoni amechoka, analaza shavu juu ya mkono wa kushoto, na mguu mmoja anauzungusha kwenye nguzo ya dawati. Mwalimu anasema ni mvivu. Kwenye mpango nimeachiwa mazoezi ya vidole, nayafanya kila siku. Niyaongeze, au nimtafutie penseli nene kama zile ninazoona kwenye video za Marekani?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na mbukwenyi huko Kongwa. Nusu ya jibu umeiandika mwenyewe: ule mguu.

Mara nyingi mtoto anayezungusha mguu kwenye nguzo anatafuta pa kujishikilia, kwa kuwa nyayo zake hazifiki chini. Madawati yetu mengi yana kiti na meza vilivyoungana kwa kipimo kimoja, akae wa darasa la pili, akae wa la saba. Mwenye misuli imara atavumilia. Huyu wako, nguvu ambayo ingekwenda kwenye penseli inaishia mgongoni na shingoni ili asianguke. Shavu likishalala juu ya mkono wa kushoto, mkono huo hauwezi tena kushika daftari. Daftari linateleza, mkono wa kulia unalifukuza. Sasa hapo vidole vimekosa nini?

Nami niliwahi kupotea njia hiyohiyo. Muhula mzima nilimbangulisha karanga binti mmoja, nikijisifu kwamba vidole vinapata nguvu, na mwandiko ukabaki palepale. Siku moja darasa likasomea nje, akakaa mkekani, mgongo ukutani, daftari juu ya magoti, akaandika ukurasa mzima. Niliona aibu.

Kwa hiyo chukua futi ya fundi cherehani na upime vitu vitatu mtoto akiwa amekaa. Kwanza, kutoka kwenye mkunjo nyuma ya goti hadi kisigino, akiwa na viatu: hicho ndicho kimo cha kiti anachohitaji. Pili, kutoka nyuma ya makalio hadi kwenye mkunjo huohuo, utoe upana wa vidole viwili au vitatu: hicho ni kina cha kiti. Tatu, kutoka kwenye kiti hadi kiwiko kilichokunjwa: meza iwe hapo au juu yake kidogo tu. Tunachotafuta ni nyonga, goti na kifundo cha mguu kukunjika karibu nyuzi 90, na nyayo zote mbili zimekanyaga kitu.

Dawati halikatwi, kwa hiyo tunamletea mtoto sakafu. Tuseme kimo cha kiti ni sentimita 42 na mguu wake ni sentimita 31: anahitaji kibao cha kukanyagia cha sentimita 11. Fundi seremala atakipiga kwa mabaki ya mbao. Usitumie matofali yasiyofungwa, wenzake watajikwaa. Kiti kikiwa kirefu kuelekea nyuma, jaza nafasi ya mgongoni kwa maboksi yaliyogandishwa kwa uji wa unga mpaka yakakauka kama ubao. Sponji laini usiweke: mlegevu huzama ndani yake na kupinda zaidi. Makalio yakiteleza mbele, tandika kipande cha tyubu ya baiskeli. Na kama meza inamfika kifuani, mwinue kwa kitu kigumu, ila ukimwinua sentimita 5, kibao nacho kiongezwe kimo kwa sentimita 5. Hapo ndipo wengi husahau.

Ubao mdogo ulioinama, unaowekwa mezani chini ya daftari, humsaidia mgongo usikunjike. Ubao wa sentimita 30 ulioinuliwa upande wa mbali kwa sentimita 10 unatoa mwinamo wa takriban nyuzi 20, unatosha.

Lakini usibadilishe vyote siku moja, hutajua kipi kimesaidia. Siku tatu mwache akae kama kawaida, uandike tarehe, saa, idadi ya mistari kabla shavu halijalala, na kama alikuwa amekunywa uji. (Mtoto aliyetembea kilomita kadhaa na tumbo tupu hulala dawatini hata akiwa na kiti cha mfalme.) Kisha weka kibao cha miguu peke yake siku tatu, saa ileile, kazi ya urefu uleule.

Kabla ya hayo yote, mpigie anayekusimamia. Tathmini na malengo ni yake. Wewe unatekeleza, unaangalia, unaripoti. Huko Marekani unakotazama video, msaidizi husoma chuo kama miaka miwili, hufanya mtihani wa taifa, na bado habadilishi mpango wa mtoto bila mtaalamu. Vipimo vyako vitatu unaweza kumsomea kwa simu akaamua palepale. Ukiona mtoto anapoteza alichokuwa anakiweza, anaanguka kuliko zamani, au anaduwaa ghafla kisha hakumbuki, usisubiri ziara ya mwezi.

Penseli nene? Si lazima. Viringisha kipande cha tyubu kwenye penseli ya kawaida, au mpe kipande kifupi cha chaki aandike ukutani. Kifupi humlazimu kutumia ncha za vidole. Mazoezi ya vidole endelea nayo, ila yasimtoe darasani wakati wa somo. Tupo shuleni ili mtoto asome, na kipindi cha kusoma anachokosa kwa ajili yetu hakirudi.

Kwa mwalimu usiende na hotuba. Mwombe akae dakika kumi kwenye dawati la mtoto huyo, miguu akiwa ameinyanyua juu ya sakafu, anakili mistari sita kutoka ubaoni bila kuegemea popote.