Wakili aliyekuwa mwendesha mashtaka hana funguo za ofisi aliyoiacha

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni mhasibu wa halmashauri. Hoja ya ukaguzi kuhusu masurufu (fedha za safari ambazo matumizi yake lazima yathibitishwe kwa risiti) imefika TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, na wiki ijayo nimeitwa kutoa maelezo. Ndugu zangu wamepata mtu wa kunipeleka kwa wakili aliyekuwa mwendesha mashtaka, "anayejuana nao", ili jalada lisiende mbali. Anataka hela kwanza, na ameshauri nitengeneze upya risiti zilizopotea. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Risiti usitengeneze hata moja. Leo una masurufu yasiyorejeshwa, na hayo bado yana maelezo: safari ilifanyika, waliosaini posho wapo, dereva yupo. Ukichapa risiti mpya umejiongezea kughushi, kosa la hadi miaka 7 jela, pamoja na kutumia nyaraka kumpotosha mwajiri chini ya sheria ya TAKUKURU ya 2007. Tena mkaguzi alishaandika kwamba risiti hazikuwepo. Zimeota wapi?

Sasa hilo la "anayejuana nao". Nilifanya kazi upande wa mashtaka kabla ya kuhamia utetezi, na sipiti wiki bila kupigiwa simu na mtu anayedhani nauza mlango wa nyuma. Nilichotoka nacho kule ni jicho la kusoma jalada. Natazama kama kibali cha DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, kimetaja vifungu vilevile vilivyo kwenye hati ya mashtaka, maana Mahakama ya Rufani imefuta mienendo ya kesi za uhujumu uchumi kwa kasoro hiyo. Natazama kielelezo (kitu kinacholetwa kama ushahidi) kilipita mikono ya nani, na maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mtuhumiwa baada ya kuonywa, yaliandikwa baada ya saa ngapi tangu akamatwe, kwani muda wa msingi ni ndani ya saa nne. Basi. Na jalada nililowahi kulishika nikiwa serikalini, siligusi hata kwa dhahabu.

Imani hii ya mlango wa nyuma ilikolea 2019. Septemba ile Rais Magufuli aliwapa siku 7, kisha akaongeza 7, washtakiwa wa uhujumu uchumi walio tayari kurejesha fedha. Wakajitokeza 467, kwa shilingi bilioni 107.8. Mtaani ikawa "kesi zinamalizwa ofisini". Nani kasema? Makubaliano ya kukiri kosa huandikwa na kusajiliwa mahakamani, mshtakiwa huulizwa kama amekubali kwa hiari, kisha hutiwa hatiani. Mhasibu aliyetiwa hatiani akatafute kazi nyingine.

Huyo mtu wenu namjua bila kumwona. Ni kishoka, yaani wakili bandia, au dalali wa kishoka: hatoi stakabadhi, hataki mkutane chemba (ofisi ya wakili), na jina la wakili wake ukilitafuta e-Wakili, mfumo wa mtandaoni wa mawakili, huenda usilione. Hela ya "kulainisha jalada" ni rushwa, na sheria haimwachi anayeitoa. Nimeona familia zikiuza kiwanja kumlipa mtu wa namna hii. Ndugu yao akaja kushtakiwa kwa utakatishaji fedha, kosa lisilo na dhamana, wakauza kingine kumtafuta wakili wa kweli.

Wiki ijayo nenda na wakili mwenye leseni hai, daftari la safari za gari na orodha ya waliosaini posho. Kama huyo mtu umeshamtumia chochote, mwambie wakili wako kabla hujaketi mbele ya mchunguzi. Muamala wenyewe umo kwenye simu utakayoingia nayo.