Kuhamisha mafaili ya kampuni kutoka Google Drive kwenda SharePoint ya Microsoft: yanayokwama na sababu zake

Usiyapitishe mafaili ofisini. Terabaiti 1 kwenye laini ya megabiti 20 kwa sekunde huchukua saa 111 hivi, mfululizo, umeme usikatike. Kampuni ya minofu ya sangara yenye ofisi kuu Ilemela, Mwanza, na vituo Musoma na Bukoba, ikiwa na terabaiti 6, itapakua karibu mwezi mzima kabla ya kupandisha chochote, huku hati za mzigo wa Ulaya zikigombania laini hiyohiyo. Kodi seva ya mtandaoni, weka rclone humo (programu ya kunakili mafaili kati ya hifadhi za mtandaoni), mafaili yatoke Google yaingie Microsoft bila kugusa Mwanza. Kompyuta ya ofisini itoe amri tu.

Kabla ya kunakili, toa orodha ya mafaili yote na folda zake, maana majina hukwamisha kuliko ukubwa. Google Drive hukubali jina kama “Mwaloni 12/05: mapokezi?”. SharePoint haitaki mkwaju (/), nukta mbili (:), alama ya kuuliza, nyota (*) wala mstari wima (|). Rclone huziwekea alama nyingine zinazofanana nazo kwa macho, faili likapita, lakini mhasibu akilitafuta kwa jina la zamani huenda asilipate. Sahihisha hukohuko linakotoka. Njia nzima, folda zote pamoja na jina la faili, isizidi herufi 400. Folda ndani ya folda za miaka mingi huvuka kiwango hicho upesi.

Tena, Google huruhusu mafaili mawili ya jina moja kukaa folda moja. SharePoint hairuhusu. Endesha rclone dedupe kwa hali ya rename: hufuta nakala zinazofanana kabisa, yaliyobaki huyapa majina tofauti.

Hati zilizoandikwa ndani ya Google hazihami zilivyo. Hugeuzwa kuwa docx au xlsx, na hati kubwa mno huenda ikakwama wakati wa kugeuzwa. Majedwali makubwa ya mapokezi ya samaki yakikwama hapo, yapakue kwa mkono. Fomula za Google za IMPORTRANGE na QUERY, za kuvuta na kuchuja data, hazifanyi kazi kwenye Excel, kwa hiyo watafute wenye majedwali hayo mapema, wajenge upya.

Ruhusa za zamani tunashauri msizihamishe kabisa. Nyingi zilitolewa mtu kwa mtu, na baadhi ya watu hao walishaondoka. Gawa upya kwa idara: ubora, mauzo, mishahara.

Microsoft ikirudisha kosa la 429, inakwambia unaomba kwa kasi mno. Punguza --transfers (idadi ya mafaili yanayonakiliwa kwa pamoja) na uweke --tpslimit (kikomo cha maombi kwa sekunde). Ukiongeza kasi utazuiwa zaidi.

Ukaguzi una mtego wake. Kila faili huwa na namba ya utambulisho inayokokotolewa kutokana na yaliyomo: Google hutumia aina ya MD5, Microsoft hutumia QuickXorHash. Kwa kuwa hazilingani, amri ya rclone check hulinganisha ukubwa peke yake mpaka uongeze --download, ili isome yaliyomo yenyewe. Na SharePoint huongeza taarifa zake ndani ya mafaili ya Word na Excel, yakaonekana yameharibika ilhali ni mazima. Hayo fungua machache kila folda, PDF na picha ziachie amri hiyo ya rclone check.

Ijumaa jioni ondoa ruhusa ya kuandika upande wa zamani, nakili mara ya mwisho yaliyobadilika, Jumatatu watu waingie upande mpya. Akaunti za waliokwisha kuacha kazi zifutwe mwisho kabisa, mafaili yao yakishahesabiwa: Google humpa msimamizi siku 20 tu za kumrudisha mtumiaji aliyefutwa.