Ulumbi ni sifa, ugomvi au lugha nyingi?

SWALI: Shuleni kwetu Nakuru tunaandaa mashindano ya wanafunzi ya kuzungumza hadharani. Kwenye kadi ya mwaliko nimeandika: "Mashindano ya Ulumbi. Wanafunzi watahutubu wazazi na kupimwa ushawishi wao." Mwenzangu aliyesomea Dar es Salaam anasema mlumbi ni mtu ajuaye lugha nyingi. Mwingine anaona neno lenyewe linanukia malumbano, yaani ugomvi. Niibadilishe kadi?

JIBU: Ulumbi uache ulivyo. Kosa liko kwingine, nitalifikia.

Mwenzako wa Dar hajakosea. Katika isimujamii, yaani taaluma ya lugha katika jamii, hasa ya Tanzania, mlumbi ni mtu anayemudu lugha nyingi. Lakini kwenu Kenya ulumbi, kwa maana ya ufundi wa kusema mbele ya watu, umeshaota mizizi katika fasihi simulizi, ukifundishwa pamoja na hotuba, soga na malumbano ya utani. Mwanafunzi wa sekondari akiisoma kadi yako hatadhani anaitwa kuhesabiwa lugha.

Huyo wa malumbano ndiye aliyenifurahisha, maana ameshika uzi wenyewe, ila kauvuta kinyume. Shina ni kitenzi lumba, yaani kusema kwa ufundi. Siku hizi hakisikiki sana. Kimebaki kwa wanawe. Kitie -ana upate lumbana, kama piga inavyozaa pigana: huyu asema kwa ufundi, yule amjibu kwa ufundi. Ndivyo Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika karne ya 19, alivyorushiana tungo na washairi wa Lamu. Uhasama ulikuwapo, tena wa miji miwili iliyopigana kwelikweli, lakini aliyetaka kumjibu mwenziwe ilimbidi ajibu kwa vina na mizani. Leo tunasoma "malumbano bungeni" na tunajua tutakachokikuta: ufundi umedondoka njiani, zimebaki kelele. Usiliadhibu neno ulumbi kwa makosa ya nduguye.

Je, kila anayepanda jukwaani ni mlumbi? Mimi nasema hapana. Hotuba yaweza kuandikwa na msaidizi, ikasomwa na mkubwa aliyeiona asubuhi hiyo hiyo, na bado ikawa hotuba halali. Ulumbi hauazimwi namna hiyo. Mlumbi huifanyia kazi lugha mbele ya watu, na mara nyingi kwa vifaa vya kawaida kabisa. Mwalimu Nyerere, Novemba 1978, alipowaambia Watanzania kwamba watampiga Idi Amin, alitaja uwezo, sababu na nia, na kila kimoja akakifunga kwa tunao au tunayo. Tazama kwa jicho la sarufi: hamna sitiari hapo, hamna methali. Nomino imetangulizwa, kitenzi kikasukumwa mwisho, na upatanisho wa ngeli, ule ule unaowasinzisha wanafunzi darasani, ukageuka mapigo ya ngoma. Angeweza kusema kwa mkupuo mmoja kwamba tuna uwezo, sababu na nia ya kumpiga. Habari ingefika, lakini nani angekuwa anaikariri mpaka leo?

(Hilo, bila shaka, ni swali la balagha, lisilongoja jibu. Na balagha ina undugu wa Kiarabu na baleghe. Shina lao ni kufika. Mtoto hufika utu uzima, maneno hufika moyoni.)

Sasa kosa lenyewe. Hutubu haibebi yambwa, yaani mtendwa. Mtu huhutubu, basi. Akitajwa anayeambiwa, kitenzi hudai kauli ya kutendea: wanafunzi watawahutubia wazazi. Vivyo hivyo, mgeni rasmi alihutubu mkutanoni, au aliuhutubia mkutano. "Alihutubu mkutano" ni pengo, hata kama redio huliruka kila siku.

Ushawishi si kosa, ila mimi ningeusogeza pembeni. Masikioni mwa wengi bado umekaa jirani na vishawishi, vile tunavyoombewa tuepushwe navyo, na mzazi mmoja mkali anaweza kuuliza mnawafundisha nini watoto. Kwenye kadi, na hata kwenye karatasi ya waamuzi, andika "kuiteka hadhira".