Kwa Wadogo Zangu Mnaookota Nguo Ufukweni

Jumamosi iliyopita niliwaona pale ufukwe wa Sahare, Tanga, mkifukia viroba vya nguo chakavu, tena kwa bidii iliyonifurahisha na kuniumiza kwa pamoja, kwa sababu shimo kama lile nililichimba mimi miaka kumi iliyopita.

1. Nguo hazifukiwi pwani. Nilipokuwa mgeni kikundini tulijaza viroba kumi na vinne, gari la taka halikutokea, nami nikaamua tuvifukie nyuma ya mikoko. Yalikuwa maji mafu, siku ambazo maji hayajai sana, bahari iko mbali, na mchanga mkavu kama wa bara. Tukapiga picha, nikaandika katika ripoti kwamba ufuko ni safi. Juma lililofuata bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, likalifumua shimo lote. Nguo zilijisokota zikawa kamba nene, zikajifunga kwenye mizizi ya mchu, aina ya mkoko, inayochomoza matopeni, na nyingine zikanasa katika jarife, wavu mkubwa wa kuvulia, la mzee mmoja, ambaye alishinda siku mbili pwani akilikata na kulishona upya, wala hakupata hata samaki wa kitoweo. Nilikwenda kumwomba radhi. Hakunigombeza, aliniuliza tu: "Mwanangu, hukumuuliza mtu mwezi una siku ngapi?" Sikuwa nimemuuliza mtu yeyote, na ripoti yangu ilikuwa imekwisha kutumwa. Swali lile linaniuma hadi leo.

2. Someni lebo za nguo kabla ya kuzipima uzito, mjue zipi ni za plastiki. Poliesta ni plastiki. Haiozi, humeguka tu ikawa nyuzi ndogondogo.

3. Msimlaumu muuza mitumba. Yeye hununua belo likiwa limefungwa, na zile zisizouzika amekwisha kuzilipia kwa fedha yake, mara nyingi ya mkopo. Huko Accra, nguo zinazobaki katika soko la Kantamanto husombwa hadi ufukweni zikiwa kamba zilezile nilizoziona kwenye mikoko yetu, na mchuuzi wa kule hana hatia, kama asivyo nayo wa Ngamiani kwetu Tanga. Madai yetu yaelekezwe kwa wanaozitengeneza kupita kiasi. Ufaransa ina sheria ya kuwatoza ada tangu 2007, lakini sehemu kubwa ya fedha hiyo hubaki kulekule, ilhali nguo zinavuka bahari. Hilo ndilo la kuandika katika barua zetu.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa Sahare na jembe. Njooni tulifukue lile shimo kabla mwezi haujaandama.