Kuhusu kupelekwa kwa wakwe Japani

Dada, umesema unafundisha Kiingereza Japani, mna miaka miwili na mchumba wako Mjapani, na bado hajakupeleka kwa wazazi wake. Unauliza kama anakuonea aibu. Mimi pia ni mwalimu huku, nimeolewa na Mjapani, na swali hilo liliwahi kuninyima usingizi.

Kwa desturi za huku, wengi hawampeleki mtu nyumbani mpaka wawe wameshaamua kuoana. Kwa hiyo muulize waziwazi kama mnaelekea kwenye ndoa. Akisema "chotto..." (yaani "kidogo...") kisha akanyamaza, mara nyingi hiyo ni hapana ya heshima. Siku yangu ilipofika nilibeba boksi la keki lililofungwa vizuri, nikavua viatu mlangoni na kuvigeuza ncha zielekee nje. Mama mkwe akaviangalia viatu, akaniangalia, akaenda kuchemsha chai. Hapo ndipo nikapumua.

Ndoa huandikishwa ofisi ya manispaa, nawe utadaiwa cheti cha kuonyesha huna pingamizi la ndoa, kwa hiyo anza mapema kuulizia ubalozini. Si lazima uchukue jina lake. Yeye akitaka lako, ana miezi 6 ya kulibadili bila kupitia mahakamani.

Ila nakusihi, usiache kazi kwa ahadi. Kibali chako cha kuishi huku sasa kimefungwa kwenye ualimu: ukikaa miezi 3 bila kufundisha na bila sababu ya msingi, kinaweza kufutwa. Subiri mpaka ndoa iandikishwe na kibali cha mwenza kitoke.