Asidi ya betri haing'arishi kava

SWALI: Fundi, shikamoo. Naendesha bodaboda hapa Malindi. Nilinunua mashine ndogo ya mkononi ya kung'arishia, nikaipiga kava ya klachi ya Boxer yangu kwa spidi ya mwisho. Ilitoka na mawingu na mikwaruzo, na baada ya wiki mbili vidoa vyeupe vikarudi. Mwenzangu stejini ananiambia niipake asidi ya betri kwanza, au kostiki soda. Nijaribu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usijaribu. Ushauri huo umeshaharibu kava nyingi mno hapa pwani, na wanaoutoa hawaonekani kava ikishaharibika.

Kava yako ni alumini ya kumimina iliyochanganywa na silikoni. Kostiki huila alumini huku ikitoa povu la hidrojeni, gesi inayoshika moto, na ile silikoni isiyoliwa hubaki juu kama masizi. Asidi ya betri nayo huingia kwenye vishimo ambavyo chumvi ya bahari imeshavichimba, ikavipanua. Hata ukisuuza, mabaki hujificha humo na kuendelea kula. Uso wa kubana gasketi ukiliwa, oili itavuja na hakuna poli, yaani dawa ya kung'arishia, ya kuziba hapo. Anayekuuzia kazi hiyo hukuonyesha kava ikiwa bado imelowa, inameta; subiri ikauke uione.

Sasa hayo mawingu. Watu hudhani mashine ndiyo inayong'arisha, kumbe kazi yote ni ya msasa. Fungua kava, toa rangi au vanishi ya kiwandani mpaka iishe, kwani ikibaki hata kidogo chumvi hupenya chini yake na vidoa hurudi. Kisha piga msasa wa maji namba 320, kwa maji yenye matone ya sabuni, mpaka vishimo vyote vitoweke. Hapo usiwe na haraka, hata ikiwa ni siku nzima. Fuata 400, 600, 800, 1000, kila namba ukikata kwa upande mwingine, ili uone kama mikwaruzo ya namba iliyotangulia imeisha. Ikiwa bado ipo, usipande namba inayofuata.

Ndipo mashine. Nyingi hufika mizunguko 30,000 kwa dakika, lakini kichwa cha sufu kinataka kati ya 10,000 na 15,000. Ukizidisha, poli inaungua na kuganda mistari myeusi kama lami. Mkono usitulie mahali pamoja. Anza na poli ya kahawia, malizia na nyeupe, kila moja na kichwa chake. Ukichanganya vichwa, chembe za kahawia zitakukwaruzia upya. Weusi unaotoka kwenye kitambaa ni wa kawaida. Mafuta ya poli yafute kwa unga wa ngano mkavu.

Brashi ya waya wa chuma usiiguse kabisa. Vipande vyake hubaki ndani ya alumini, vikaota kutu. Vaa miwani na barakoa, na usifanye kazi hiyo karibu na mtu anayekata chuma kwa grinda: vumbi la alumini hushika moto kwa cheche.

Kabla ya kufunga, osha kava ndani na nje kwa mafuta ya taa, pitisha hewa kwenye kila tundu la oili, weka gasketi mpya. Chembe za msasa zikiingia kwenye oili zitakula beringi, hasara kubwa kuliko kava yenyewe. Halafu paka nta, na uirudie kila wiki mbili ukiegesha karibu na ufuo. Pikipiki isuuze kwa maji baridi ya mfereji. Maji ya kisima cha chumvi yanarudisha kilekile ulichotoa.

Kuna mtindo pia wa kung'arisha kila kitu mpaka habu, kile kitovu cha gurudumu chenye breki ndani. Nje, sawa. Upande wa ndani, zinaposuguana brekshuu, hapaguswi na poli wala nta, na atakayekwambia haina neno, mnyime ufunguo.