Kabla hujalipia Inconel kwa ajili ya maji ya bahari

Mteja akileta karakana pampu iliyoliwa na maji ya chumvi, huanza na bei: "Fundi, nasikia kuna Inconel, kiasi gani?" Anaulizia metali ya mchanganyiko yenye nikeli nyingi. Mimi humuuliza kwanza: hayo maji yanapita au yamelala?

Chuma cha pua cha 316, ambacho huku Pwani tunauziwa kama stenlesi ya bahari, hujilinda kwa utando mwembamba wa oksidi ya kromiamu. Utando ukikwaruzwa, oksijeni iliyomo majini huujenga upya. Lakini chini ya gasketi, chini ya kichwa cha bolti au palipogandwa na chaza, oksijeni huisha, kloridi hurundikana, na shimo huanza kuchimba kwenda ndani. Kwa nje utaona kitone cha kahawia tu na pembeni pote panang'aa. Chokoa kitone hicho kwa sindano uone inavyozama.

Hapo ndipo Inconel 625 inapostahili bei yake. Ina nikeli isiyopungua asilimia 58, kromiamu 20 hadi 23, na molibdeni 8 hadi 10. Ile 316 ina molibdeni 2 hadi 3 tu, na molibdeni ni mlinzi mkubwa dhidi ya vishimo hivyo. Monel 400, yaani nikeli na shaba kwa takriban theluthi mbili kwa moja, ni nzuri kwa shafti na impela kwenye maji yanayokwenda. Ikilala kwenye maji yaliyotuama, nayo hutoboka. Wenye matangi ya asidi ya hidrokloriki waulizie Hastelloy C-276, metali nyingine ya mchanganyiko wa nikeli.

Ushauri wangu ni huu: usinunue pampu nzima ya nikeli kama tatizo ni uso wa flanji, yaani ile sahani ya kuungia bomba, peke yake. Uso huo unaweza kuchomelewa tabaka la 625 juu ya chuma cha kawaida, kisha ukakerezwa. Na tafadhali, usifunge flanji ya nikeli kwa bolti za chuma cheusi. Ndani ya maji ya chumvi metali hizo mbili hufanya kazi kama betri, na bolti, kwa udogo wake, ndiyo huliwa, tena upesi.

Sumaku isikudanganye dukani. 625 haishikwi, lakini hata 316 mara nyingi haishikwi. Dai cheti cha kiwandani, ulinganishe namba ya myeyusho (ya mkupuo ulioyeyushwa kiwandani) iliyoandikwa humo na ile iliyogongwa kwenye kipande. Kama ni mzigo wa pesa nyingi, lipia kipimo cha eksirei kinachoonyesha metali imechanganywa na nini; ni sekunde chache tu.

Ukishanunua, chagua fundi kwa makini. Metali hii hukakamaa inaposuguliwa, kwa hiyo mkerezaji anataka mwendo wa taratibu na kisu kikali cha kabidi kinachokata muda wote. Kikisimama kusugua, mkato unaofuata unakuwa balaa. Kwenye kuchomelea, grisi, rangi na hata wino wa kalamu za kuwekea alama vinaweza kuwa na salfa, na salfa hupasua maungio. Brashi iliyokwisha kusugua chuma cheusi isiguse kabisa. Na fundi akikwambia ataipasha moto kwanza kama chuma cha kutupwa, chukua kazi yako uipeleke kwingine.